Jina la Bonde la Ufa na Ushahidi wa Matetemeko

Ufa, katika Kiswahili, ni neno la nyumbani. Ni mwanya mwembamba uonekanao ukutani, au katika mtungi, au katika ubao uliokauka. Na mwenye nyumba auonapo hujua ya kuwa kitu kilichokuwa kimoja kimeanza kuwa viwili. Neno lenyewe halisemi zaidi ya hapo. Halisemi kama upande mmoja umeshuka na wa pili umebaki, wala halisemi ni nguvu gani iliyoutia ufa huo. Lakini Bonde la Ufa lilipopewa jina lake, neno hili la nyumbani lilitwishwa mzigo wa nadharia nzima, yaani kwamba hapo nchi ilivutwa huku na huku ikapasuka, na kipande kilichokuwa kati kikashuka. Nadharia hiyo ilipingwa na wanazuoni wenye sifa kwa muda mrefu. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi, na kwa kulitazama bonde peke yake hazingaliweza kushindwa. Yaliyozishinda ni matetemeko.

Yafaa kulitazama neno zaidi kidogo, kwa sababu sehemu ya utata imefichwa ndani yake. Wenye elimu ya miamba hutofautisha mambo mawili ambayo Kiswahili huyaita kwa jina moja. Kuna mwanya tu katika mwamba, ambao pande zake zimeachana lakini hazikupishana. Na kuna mwanya ambao pande zake zimeteleza, moja ikipanda, au ikishuka, au ikienda kando ya mwenzake. Aina hii ya pili Waingereza huiita kwa neno ambalo maana yake ya kila siku ni kosa au upungufu. Chanzo chake ni wachimbaji wa makaa ya mawe: walikuwa wakilifuata tabaka la makaa chini ya ardhi, mara wakaliona limekatika ghafula kana kwamba halikuwako, na iliwapasa kulitafuta upya juu au chini ya pale lilipopotelea. Kiswahili hakikupitia mashimo ya makaa, na kwa hiyo hakina neno la namna hiyo lililokwisha kukubalika na wote. Katika maelezo yanayofuata, ufa ni ule wa aina ya pili, ambao pande zake zimeteleza.

Kwa habari ya mtikisiko wenyewe, lugha ina utajiri zaidi. Liko neno zilzala, lililoingia kutoka Kiarabu, nalo linajulikana kwa kila asomaye Kurani, kwa kuwa sura ya 99 huitwa kwa jina hilo. Liko tetemeko la nchi, lililozoeleka kwa wasomaji wa Biblia, na liko tetemeko la ardhi, ambalo magazeti na redio vimelipendelea. Tofauti ya haya mawili ya mwisho si ndogo kama idhaniwavyo. Nchi ni pamoja na watu na makao yao, na ardhi ni udongo na mwamba. Atakayesimulia maafa atalihitaji lile la kwanza. Atakayetafuta chanzo atatosheka na la pili.

Bonde lilijulikana kwa wenyeji wake tangu kale, na misafara ya pembe kutoka pwani ilikuwa ikilivuka kabla ya Wazungu kuliandika. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyi biashara ya pembe aliyeijua njia ya Umasaini, alifuatana na Joseph Thomson katika safari ya 1883, na baadaye na Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel katika safari ya 1887 na 1888, ambayo ilifika kwenye ziwa liitwalo leo Turkana. Ramani na mawe yaliyoletwa na msafara huo yalimfikia Eduard Suess huko Vienna. Mwaka 1891 Suess alitoa maandiko ambamo aliyaunganisha mabonde na maziwa ya Afrika Mashariki, pamoja na Bahari ya Shamu na bonde la Yordani, akayafanya mfumo mmoja wa mipasuko uendao tangu mto Shire mpaka nchi ya Shamu. Aliona kwamba mistari mirefu na iliyonyoka namna hiyo haiwezi kufanywa na maji ya mito. Nchi, kwa maoni yake, ilivutwa upande na upande mpaka ikakatika.

Aliyekuja kulithibitisha jambo hilo kwa miguu yake ni John Walter Gregory, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza. Mwaka 1893 alitoka Mombasa na msafara mdogo, akafika Baringo na baadaye Mlima Kenya. Njiani alilinganisha matabaka ya mawe yaliyo katika kuta za bonde na yale yaliyo kwenye vidaraja vya chini, akaona kwamba ni matabaka yale yale yaliyoshushwa hatua kwa hatua kama ngazi. Bonde lililochimbwa na mto halina ngazi za namna hiyo. Kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde Kuu la Ufa, na jina la Kiswahili limefuata la Kiingereza. Gregory alilifananisha bonde na tao la mlango: nchi iliinuka kama tao, kisha pande zake zikaachana, na jiwe la kati, lisilokuwa tena na cha kulishika, likaanguka.

Wakati ule hata uhusiano wa nyufa na matetemeko ulikuwa bado haujakubaliwa. Aristotle alikuwa amefundisha kwamba matetemeko hutoka katika pepo zilizofungiwa ndani ya nchi, na fundisho hilo lilidumu muda mrefu mno, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Jalal al-Din al-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu kizima kuhusu zilzala, akizitaja moja baada ya moja kwa miaka yake. Nacho hutumiwa hata leo na wachunguzao matetemeko ya zamani, maana orodha ya mtu mwangalifu hudumu kuliko nadharia za zama zake. Katika karne ya 19 Robert Mallet, aliyelichunguza tetemeko la mwaka 1857 katika nchi ya Naples, aliweka mvuke wa moto mahali pa upepo. Nyufa zilizoonekana juu ya ardhi baada ya tetemeko zilihesabiwa kuwa ni madhara yake, sawa na kuta zilizobomoka.

Mmarekani Grove Karl Gilbert aliligeuza jambo hilo. Mwaka 1883 aliandika katika gazeti la Salt Lake City kwamba milima ya Wasatch iliyo karibu na mji huo imeinuka kwa kuteleza kidogo kidogo juu ya ufa ulio chini yake, na kwamba kila mtelezo ni tetemeko. Akaongeza neno ambalo wenyeji hawakulipenda: mahali ambapo mtelezo mpya hauonekani ndipo pa kuogopewa zaidi, kwa kuwa nguvu bado inajilimbikiza hapo. Miaka minane baadaye, tarehe 28 Oktoba 1891, tetemeko kubwa lilizipiga nchi za Mino na Owari huko Japani. Bunjiro Koto alikwenda Midori, akakuta ardhi ya mashamba imekatwa na upande mmoja umesimama kadiri ya mita 6 juu ya mwingine, na ufa huo akaufuata mwendo mrefu kupita milima na mabonde. Alisema waziwazi kwamba mwendo huo wa ufa ndio uliolifanya tetemeko. Picha yake ya Midori imechapishwa mara nyingi sana katika vitabu vya elimu hii.

Hata hivyo Koto hakueleza kwa nini mwamba uliotulia karne nyingi uteleze ghafula katika dakika moja. Jibu lilitoka California. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 ufa wa San Andreas uliteleza kwa urefu unaopita kilomita 400, mji wa San Francisco ukabomoka na kuungua, na karibu na ghuba ya Tomales barabara iliyouvuka ufa ilikatika, nusu yake ikahama kando kadiri ya mita 6. Kwa bahati, wapima ardhi wa serikali walikuwa wamekwisha kuipima nchi hiyo mara mbili katika karne ya 19, nao waliipima tena baada ya tetemeko. Harry Fielding Reid alizilinganisha hesabu zao. Aliona kwamba vilele vya milima vilivyo mbali na ufa vilikuwa vikisogea hata kabla ya 1906, upande mmoja ukielekea kaskazini na mwingine kusini, ilhali ufa wenyewe ulikuwa umeshikamana na haukuteleza. Basi nchi iliyo kati ilikuwa ikipindika. Mtu akiupinda ufito kwa mikono miwili, ufito hukubali, tena hukubali, na nguvu ya mikono huwekwa akiba ndani yake. Ukikatika, kila nusu hunyoka mara moja, na mikono husikia mshtuko. Nchi nayo ni hivyo. Kunyumbuka kwa mwamba huchukua karne, kukatika huchukua nukta chache, na mshtuko uendao mbali katika mawimbi ndio watu waitao tetemeko. Reid alizitangaza hoja hizi katika taarifa ya mwaka 1910, na mpaka leo msingi wake haujabomolewa.

Katika mwaka huo huo wa 1910, tarehe 13 Desemba, Afrika Mashariki ilipata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyoandikwa na vyombo katika eneo hilo kwa karne nzima ya 20. Lilitokea upande wa Rukwa, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, katika nchi iliyokuwa chini ya Wadachi. Kipimo chake kimekadiriwa kuwa 7.4. Vyombo vya mbali viliyapokea mawimbi yake, lakini ufa ulioteleza haukutambuliwa wakati ule. Habari zilizobaki ni za barua na taarifa za vituo vichache vya serikali na vya misioni, na sauti za wenyeji wenyewe ni chache ndani yake. Nicholas Ambraseys, profesa wa Imperial College huko London, alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1991. Baadaye wachunguzi waliutazama ufa wa Kanda, upitao karibu na mji wa Sumbawanga, ambao ukingo wake ungali mpya machoni, wakaona kwamba huenda ndio ulioteleza siku hiyo.

Kabla ya ushahidi huo kupatikana, nadharia ya mvutano ilikuwa imekwisha kuingia matatani. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya miamba ya Uganda, alilitazama bonde la ziwa Albert na milima ya Ruwenzori iliyosimama pembeni yake, akaandika mwaka 1921 kwamba kilichofanya kazi hapo ni mbano wala si mvutano. Kwa maoni yake pande mbili za nchi zilisukumwa kuelekeana, zikapanda juu ya nyufa zao, zikaielemea sakafu ya bonde na kuizamisha. Hoja yake ya nguvu ni mlima wenyewe. Nchi iliyovutwa hushuka. Itawezekanaje basi kipande chake kimoja kipande zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari?

Huo ndio mgogoro, na yapasa kueleza kwa nini ulikuwa mgumu kuamuliwa. Ufa mkubwa aghalabu hausimami wima, bali huinama. Ikiwa umeinama kuelekea upande ulioshuka, basi kipande kilichoshuka kimeteremka juu ya mwinamo huo kama mtu ateremkaye paa, na hakiwezi kufanya hivyo bila pande mbili kuachana. Huo ni ufa wa mvutano. Ikiwa umeinama kinyume chake, ukapita chini ya upande uliopanda, basi upande huo umesukumwa juu ya mwenzake, na hauwezi kufika huko bila pande mbili kusogeleana. Huo ni ufa wa mbano. Kwa mtu asimamaye bondeni na kuangalia juu, yote mawili huonekana kitu kimoja: huku kumepanda, huku kumeshuka. Ukuta wa zamani umebomoka, mvua zimeukwangua, mawe yamejaza mguu wake, na mwinamo wa kweli umezikwa. Gregory na Wayland waliweza kuutazama ukuta wa aina moja na kila mmoja akarudi na ushahidi wake.

Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 bonde lilitoa ushahidi wake lenyewe. Tetemeko lenye kipimo kama 6.9 lilitokea Subukia, kaskazini ya Nakuru, chini ya ukingo wa Laikipia. Ufa wa Laikipia na Marmanet, ambao ni ukuta wa mashariki wa bonde mahali hapo, uliteleza mpaka juu ya ardhi kwa urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande wa bonde ulishuka zaidi ya mita 2 chini ya upande wa Laikipia. Maana yake ilikuwa kubwa. Ukuta wa bonde haukuwa tena kumbukumbu ya maangamizi ya zama zisizo na hesabu, bali kitu ambacho kingali kikijengwa, mkono mmoja baada ya mwingine, kila mtelezo ukiwa tetemeko moja, sawasawa na alivyosema Gilbert kwa habari ya Wasatch. Nyumba katika nchi hiyo zilikuwa chache, na nyingi nyepesi. Kwa sababu hiyo tetemeko la Subukia halikuacha jina kubwa katika kumbukumbu za maafa, nalo lilisahauliwa upesi kuliko lilivyostahili.

Ajabu ni kwamba ushahidi huo haukuumaliza mgogoro. Mwaka uliofuata Afrika Mashariki ilitembelewa na Bailey Willis wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mtu huyu alikuwa amekuwa rais wa Chama cha Marekani cha elimu ya matetemeko, na aliisimamia kazi ya kuchora ramani ya nyufa za California. Hapana aliyeamini zaidi yake kwamba ufa ndio mama wa tetemeko. Lakini mwaka 1928 alikuwa amekwisha kuandika kwamba bonde la Bahari ya Chumvi lilifanywa kwa mbano, na katika kitabu chake kikubwa cha 1936 kuhusu nyanda za juu na mabonde ya Afrika Mashariki aliendelea kuutetea mbano. Mtelezo wa wima ulioonekana Subukia haukumzuia. Udongo wa juu huanguka wima popote ukatwapo, na ukingo wenye umri wa mwaka mmoja hausemi mwamba ulio kilomita 5 chini yake umeinama upande gani.

Hoja iliyoonekana kuwa ya mwisho ilitoka kwa E. C. Bullard, Mwingereza aliyeuzunguka ukanda huu katika miaka ya 1933 na 1934 akipima nguvu ya uvutano wa dunia kwa pendulo. Alikuta kwamba juu ya mabonde uvutano ni mdogo kuliko ipasavyo, yaani chini yake mna vitu vyepesi. Gamba la dunia huelea juu ya mwamba mzito ulio chini yake, kama chombo kieleavyo majini. Kipande chepesi kilichozama kuliko kadiri yake kingeinuka chenyewe kama hakuna kinachokikandamiza. Basi, alisema Bullard mwaka 1936, pande za bonde zimekikalia. Hesabu zake zilikuwa safi na vyombo vyake vizuri. Kwa miaka kadhaa mtu mwenye kulisema jina la Bonde la Ufa alikuwa akilitaja kwa jina la nadharia ambayo hesabu ilionekana kuikataa.

Kilichohitajika ni njia ya kuuona mwinamo wa ufa huko chini, wakati ule ule unapoteleza. Mawimbi ya tetemeko huibeba habari hiyo. Ufa utelezapo, wimbi la kwanza hufika katika vituo vingine kwa kuisukuma ardhi juu, na katika vingine kwa kuivuta chini. Vituo vikiwapo pande zote, ramani hugawanyika katika robo nne za kusukuma na kuvuta, na mipaka ya robo hizo huonyesha mwinamo unaowezekana wa ufa na njia ya mtelezo. Kanuni ilijulikana mapema, lakini vyombo katika Afrika vilikuwa vichache na havikulingana. Katika miaka ya 1950 kituo cha Lwiro huko Kivu kiliyaandika matetemeko mengi ya bonde la magharibi. Katika miaka ya 1960 vyombo vya aina moja viliwekwa katika nchi nyingi za dunia, Nairobi ikiwa miongoni, na hapo ikawezekana kulinganisha mshtuko wa kwanza wa mahali na wa mahali pengine bila shaka juu ya chombo.

Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko liliipiga nchi ya Toro, chini ya Ruwenzori, mlango kwa mlango na mahali Wayland alipoipatia hoja yake. Watu zaidi ya 150 walikufa, nyumba maelfu zilianguka, na ardhi ilipasuka kando ya mguu wa mlima. Mawimbi yaliposomwa, jibu lilikuwa wazi: ufa uliinama kuelekea upande ulioshuka, na nchi ilivutwa kukatiza bonde. Ruwenzori haukusukumwa juu kwa mbano. Matetemeko mengine ya mabonde, ya wakati ule na ya baadaye, yalipochunguzwa kwa njia hiyo yalitoa jibu lile lile kwa wingi wao. Kwa jambo hili moja, Suess katika chumba chake cha Vienna alikuwa amesema kweli.

Ilibaki kuieleza hesabu ya Bullard, maana hesabu iliyo sahihi haifutwi kwa sababu maelezo yake yamekosewa. Kati ya 1985 na 1994 wachunguzi wa nchi kadhaa walilipua baruti katika maziwa na visima vya Kenya, wakayasikiliza mawimbi yaliyopita chini. Walikuta kwamba gamba la dunia, ambalo chini ya bonde upande wa Naivasha lina unene wa kilomita 35 hivi, huwa kilomita 20 tu chini ya Turkana. Limevutwa likawa jembamba, kama unga uliokandwa uvutwapo kwa mikono miwili. Wepesi alioupima Bullard ni wa majivu ya volkano na mashapo ya maziwa yaliyolijaza bonde, na wa mwamba wenye joto uliopanda karibu kutoka chini. Hakuna kilichozamishwa kwa nguvu.

Leo mvutano wenyewe hupimwa kwa vyombo visikilizavyo setelaiti. Afrika ya magharibi ya bonde na Afrika ya mashariki yake huachana kwa milimita chache kila mwaka: 6 au 7 huko kaskazini ya Ethiopia, na chini ya hapo kadiri mtu aelekeavyo kusini. Kwa Kenya yaweza kuhesabiwa kama 3. Hesabu ya kukadiria yafaa hapa. Upande ulioshuka mita 2.4 juu ya ufa ulioinama kwa digrii 60 huzitenga pande mbili kwa mita 1.4 hivi, nayo ni akiba ya miaka zaidi ya 450, kama mvutano wote ungaliwekwa katika ufa mmoja tu. Lakini hauwekwi katika ufa mmoja. Nyufa ni mamia, na ziko njia nyingine za kuutumia mvutano huo. Mwezi Julai 2007 nchi ya Gelai, kusini ya ziwa Natron, ilitikisika kwa majuma, na pigo kubwa kupita yote, la tarehe 17, lilikuwa na kipimo cha 5.9. Walioyasoma mapicha ya setelaiti walikuta kwamba ufa mmoja uliteleza polepole bila kishindo kinacholingana na mwendo wake, kisha mwamba ulioyeyuka ukapenya ukajaza mwanya wima chini ya ardhi. Nchi iliachana pale bila kungoja tetemeko kubwa. Ol Doinyo Lengai, jirani yake, ililipuka mwezi Septemba.

Ndiyo sababu haiwezekani kumwambia mwenyeji wa Subukia au wa Sumbawanga mwaka wa tetemeko lijalo. Na aahidiye jambo hilo hajui asemalo. Linaloweza kusemwa ni ufa upi u hai, na uwezo wake ni mkubwa kadiri gani, kwa kuwa nguvu ya tetemeko hutegemea eneo la ufa lililoteleza na kiasi cha mtelezo. Hata hilo halikamiliki. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilitokea kando ya ziwa Viktoria, mahali pasipo na ukuta wa bonde wa kumwonya mtu, kutoka kina kirefu. Kipimo chake kilikuwa 5.9, nalo liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi katika Bukoba na vijiji vyake. Kila hatua moja ya kipimo huongeza nguvu kama mara 32. Basi lile la Subukia la 1928 lilikuwa na nguvu mara 30 na zaidi ya lile la Kagera, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa karibu tupu na sasa imejaa watu kutoka Nakuru mpaka Nyahururu.

Maandishi ya eneo hili hayapiti sana miaka 100 na kidogo, na muda huo ni mfupi mno kwa nyufa zilalazo kuliko falme. Kwa hiyo wachunguzi wameingia katika udongo. Olaf Zielke na Manfred Strecker walichimba handaki kukatiza ufa wa Laikipia na Marmanet katika bonde la Subukia, wakatoa taarifa yao mwaka 2009. Katika kuta za handaki matabaka ya udongo husomeka kama kurasa: tabaka lililokatwa na ufa ni la kabla ya mtelezo, na lililolala juu ya ufa bila kukatwa ni la baada yake. Mkato wa 1928 umo, na chini yake imo mikato mingine ya matetemeko yaliyotangulia, ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote.